Mtoto Asiyewekwa Chini: Kutoka Chula Hadi Mogadishu na Kurudi

Mashoga zangu wa Mombasa, tangu mpate habari kwamba tumerudi simu yangu haina raha. Kila mmoja anauliza lake, na kila nikianza kueleza mtandao unakatika pale pale penye utamu. Basi nimekaa kitako niandike mara moja, msome wote, na mkimaliza asinipigie mtu kuniuliza yaliyomo humu. Habari za tikiti, vibali na nani alimwomba nani nimeziacha. Zilinichosha wakati wa kuzifanya, sitaki zinichoshe tena.

Kabla ya kutoka Chula

Mdogo wangu Zeituni mnamjua. Mwanawe Shee hamjamwona, kwa hiyo nianze naye. Alizaliwa na kasoro ya moyo: tundu kwenye ukuta wa ndani, na mshipa wa kupeleka damu mapafuni ulikuwa mwembamba. Akinyonya anachoka, akilia midomo inageuka zambarau. Alipasuliwa Mogadishu na madaktari wageni kabla hajatimiza nusu mwaka, moyo ukatengenezwa, tukamshukuru Mungu.

Siku ya kuruhusiwa tuliambiwa mambo mawili. La kwanza, kwa wiki chache asinyanyuliwe kwa makwapa wala asilazwe kifudifudi, mpaka mfupa wa kifua uunge. La pili, tumrudishe akikaribia mwaka ili aangaliwe ubongo. Watoto waliozaliwa na mioyo ya namna hii, alisema daktari, damu yao ilikuwa haina hewa ya kutosha tangu tumboni, na upasuaji wenyewe si mchezo. Wengine huchelewa kukaa, kushika vitu, kusema. Wengine hawachelewi. Huwezi kujua mpaka umwangalie mtoto anavyokua.

Hilo la pili Zeituni alirudi nalo Chula, kisiwani kwetu, akilala nalo na kuamka nalo. La kwanza tulimweleza Baba, naye akalichukua likawa lake.

Baba, kama mnavyokumbuka, ni fundi wa vyombo vya baharini. Maisha yake yote yamekwenda kuziba mianya ya mbao kwa pamba na mafuta, ile kazi ya kalafati. Alipouona mshono wa Shee, kutoka shingoni hadi karibu na kitovu, alikaa nao muda mrefu, akaupitishia kidole bila kuugusa. Kisha akasema, "Hini kazi njema. Lakini mimi chombo nikikitia kalafati sikishushi majini kwa sababu mwenyewe ana haraka. Wiki chache ni maneno ya mchu wa mjini." Mchu kwetu ni mtu, msishangae. Akatoa amri zake. Mtoto asiwekwe chini. Asiachwe akalia. Na asichekeshwe, kwa sababu kicheko hutikisa kifua kuliko kilio.

Mtasema mbona hamkumuuliza amri hizo zinakwisha lini. Nyumba ya fundi hakuna anayemuuliza fundi chombo kitashuka lini. Wiki zikapita, miezi ikapita, na Shee akaishi mikononi. Asubuhi kwa mama yake, adhuhuri kwangu, alasiri kwa majirani, jioni kwa Baba mwenyewe. Nadhani amezunguka Chula nzima kuliko mwenyekiti wa kijiji, na hajawahi kugusa mchanga. Watoto wa mtaani walifukuzwa wasije wakamchekesha. Hata nyundo Baba alihamia nayo ufukweni, isimshtue mtoto.

Mtoto akanenepa, rangi ikawa nzuri, lakini akawa kimya. Kukaa hakai. Kichwa akikiinua kidogo kinaanguka begani mwa anayembeba. Hasemi hata "ba". Wanawake kisimani wakaanza: "Moyo umepona, lakini akili ya mwana imesalia hospitali." Wakimwona Zeituni wananyamaza, na kunyamaza huko ndiko kulikomkondesha. Aliniambia siku moja, "Dada, wakiniambia kweli ni hivyo nitampenda vivyo hivyo. Lakini nataka niambiwe na mchu ajuaye." Kwa ajili ya sentensi hiyo nilifunga mkoba.

Chula hadi Ngumi

Tulipanda boti ya injini ya Nahodha Kombo, yenye magunia ya ng'onda, wale samaki wakavu wa chumvi, makreti ya kamba wa baharini na abiria waliobanana katikati. Harufu ya ng'onda mnaikumbuka. Mimi, binti wa fundi, mjukuu wa mabaharia, hutapika boti ikiwa bado imefungwa, na Nahodha Kombo hajawahi kuacha kunitania kwa hilo. "Mwanaesha," aliniambia, "ungalizaliwa ngamia ungalitusumbua pungufu."

Kwa kuwa sikuwa na hali, Shee akawa mtoto wa boti nzima. Baba alikuja mpaka majini kuwausia abiria, na abiria wakatii. Akichoka huyu anampokea yule. Mzee mmoja aliyekuwa amebeba jogoo alimpa jirani jogoo ili apate mikono ya kumshika Shee. Kulikuwa na gunia la nguo laini kabisa pale mbele, pangemtosha mtoto kulala kama mfalme, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kumlaza.

Mbele kidogo ya kisiwa cha Chovai injini ikakohoa, ikazima. Petroli ilikuwa na maji. Nahodha Kombo akaanza kuichuja kwa kitambaa, kila tone na laana yake kwa aliyemuuzia, na sisi tukakaa tukizungushwa na mawimbi kama kokwa ndani ya kikombe. Jua lilikuwa la kukaanga samaki. Zeituni alimfunika Shee kwa leso yake, akamsogezea uso karibu, na nikamsikia anamnong'oneza jina lake mara nyingi mfululizo. Mtoto alimtazama. Zeituni akaniuliza, "Waona? Anijua?" Nikasema anakujua. Nilikuwa nimeinamia ukingo wa boti nikitapika, lakini nilisema.

Tulifika Ngumi alasiri badala ya kupita moja kwa moja, maana Nahodha alitaka petroli nyingine. Tukapokelewa na Bi Mwanakombo, mjane ambaye nyumba yake ndiyo iliyo karibu na gati, kwa hiyo kila aliyekwama huwa mgeni wake, apende asipende. Alitupikia wali wa nazi na changu wa kuchoma, na mimi niliyekuwa nimeapa kutokula tena nilikula mpaka nikaona haya.

Aliposikia habari za mshono akaja kumtazama Shee kwa heshima kubwa. "Kwa hiyo walimfungua moyo?"

"Walimfungua."

"Walikuta nini ndani?"

"Tundu."

"Tundu tu?" Alisikitika kidogo. "Mimi nilidhani moyo wa mchu ukifunguliwa yaonekana yote. Mapenzi, husuda, nia."

Nikamwambia mtoto wa miezi ile hajapata nafasi ya husuda. Akakubali. Lakini asubuhi, tunapoondoka, alimvuta Zeituni kando na kumuuliza kwa dhati kama madaktari walipoziba lile tundu walihakikisha mapenzi yamebaki upande wa ndani. Zeituni badala ya kucheka alianza kulia, na Bi Mwanakombo wa watu akabaki ameshika kikapu cha samaki wa njiani, hajui alichokosea. Ikanibidi nimweleze hofu yetu yenyewe. Alisikiliza, kisha akamwambia mdogo wangu, "Mwana huyu akitoka mikononi mwako autafuta uso wako. Nimemwona yana. Asiye na akili hatafuti mchu." Yalikuwa maneno ya faraja kuliko ya udaktari, lakini tulisafiri nayo.

Kismayo, ambako ndege haikuja

Kismayo tulifikia kwa Eddo Faduma, mfanyabiashara wa nguo ambaye Baba aliwahi kumtengenezea boti marehemu mumewe. Ni Msomali wa mjini, mnene, mkarimu, na mwenye maoni. Nyumba yake imejaa wajukuu, mikeka na birika la chai ya maziwa lisilotoka motoni.

Ndege ilikuwa iondoke kesho yake. Kesho yake ikawa uwanja umefungwa kwa sababu kuna wakubwa wanakuja. Siku iliyofuata wakubwa wamekuja lakini hawajaondoka. Kisha tukaambiwa ndege ipo, iko Mogadishu, na rubani naye yupo. Kila asubuhi tulifunga mkoba, kila adhuhuri tukaufungua tena, na kila mara Eddo Faduma alituwekea sinia la wali wenye ndizi juu yake. Miaka yote hii sijaelewa ndizi inatafuta nini kwenye wali wa nyama. Nilikuwa naisogeza pembeni, naye anadhani naiweka akiba, ananiongezea ya pili.

Kilichotuumiza pale hakikuwa ndege, ni mjukuu wake mmoja, msichana mdogo kuliko Shee, anayetambaa nyumba nzima kama kaa, anayesimama kwa kushika mto, anayesema "abo", yaani baba, kwa kila mwanamume anayepita. Alimkuta Shee mapajani mwa Zeituni, akamvuta mguu. Shee akamwangalia. Akamvuta tena. Zeituni akageuka na mtoto wake, akampa mgongo.

"Mweke chini wacheze, hoyo," alisema Eddo Faduma. Hoyo ni mama, ndivyo anavyomwita kila mwanamke mwenye mtoto.

"Hawezi," nilimjibu kwa Kisomali, maana Zeituni Kisomali chake ni cha sokoni. "Alipasuliwa kifua."

"Lini?"

"Kabla ya mfungo."

Akahesabu kwa vidole, akaniangalia. "Na hata leo?"

Nikamwambia kwetu tuna utaratibu wetu. Nilimwambia kwa sauti ambayo mgeni hapaswi kuitumia akiwa na wali wa mwenyeji tumboni. Yeye akanywa chai yake. Siku ile niliona ni mwanamke mwenye kupenda kuingilia ya watu.

Hatimaye ndege ikaja, ikapaa, ikatua. Sina la kusimulia juu yake isipokuwa kwamba sikutapika, na nilijuta kwamba Nahodha Kombo hakuwepo kuona.

Mogadishu, hospitali isiyo yetu

Dereva wa bajaji uwanjani alikuwa kijana mchangamfu, mwenye kuuliza swali na kulijibu mwenyewe. Nilimwambia tunampeleka mtoto kwa daktari, alipasuliwa moyo. Sikumaliza kumtajia jina la kliniki, ambayo haikuwa pale alipopasuliwa. "Moyo! Najua pa kuwapeleka," akaondoka nasi kwa kasi iliyonifanya nisome kila sura niliyohifadhi. Akatushusha mbele ya jengo safi, akakataa hata kungoja shukrani.

Tukaingia, tukaandikishwa, tukakaa. Kidogo kidogo nikaona chumba kizima kimejaa wazee. Wenye bakora, wenye ndevu za hina, wenye kushika kifua. Mtoto hakuna hata mmoja. Nikamwambia Zeituni huenda watoto wana zamu yao. Tukangoja zamu ya watoto.

Jirani yetu alikuwa mzee mwembamba mwenye tasbihi kubwa ya shanga nyeusi. Shee alikuwa begani mwa mama yake, ameelekea nyuma, kwa hiyo wawili wale walikuwa uso kwa uso na sisi hatuna habari. Mzee aliacha shanga moja ikaanguka juu ya nyingine: tak. Akasubiri. Tak. Baadaye aliniambia kwamba alikuwa akipoteza wakati tu, wajukuu wake wako mbali. Alificha tasbihi kiganjani, akafumba macho, akayafumbua ghafla. Tak.

Shee akacheka.

Si tabasamu, ni kicheko chenyewe, kinene, kinachotoka tumboni, kilichogeuza vichwa vya wagonjwa wote. Hatukuwahi kukisikia. Na sisi, mashoga zangu, badala ya kufurahi tuliruka kama tumemwagiwa maji ya moto. Zeituni alimkumbatia kifuani kuzuia kile kifua kisitikisike, mimi nikamwambia yule mzee, "Usimchekeshe! Ameshonwa!"

Mzee akaficha tasbihi yake mfukoni kama mtu aliyekamatwa anaiba. Aliomba radhi. Tukakaa, Zeituni akichungulia midomo ya mwanawe kila mara. Midomo ilikuwa myekundu kama kawaida. Shee alikuwa anainyosha shingo yake, anamtafuta mzee.

Zamu yetu ilipofika daktari alicheka, lakini kwa upole. Ile ilikuwa kliniki ya watu wazima. Tulikotakiwa ni upande mwingine wa mji. Tulipokuwa tunatoka, mzee aliniita. "Eddo," aliniambia, akinipa heshima ya shangazi ingawa ni sawa na baba yangu, "nisamehe. Lakini mtoto ana masikio mazuri. Alikuwa anaisubiri shanga kabla haijaanguka." Nilimjibu kwa mkato. Ndani ya bajaji ya pili ndipo nilipomwambia Zeituni alichosema, na Zeituni akasema, "Alikuwa anasubiri?" Akaniuliza hivyo mpaka tukafika.

Chumba cha mikeka

Mahali penyewe palikuwa chumba kikubwa chenye mikeka laini chini na vitu vya kuchezea vilivyochakaa kwa kuoshwa. Daktari Idil alivua viatu, akaketi chini, akatuonyesha na sisi tuketi. Ni mwanamke wa makamo, sauti ndogo, hana haraka. Alimsikiliza Shee moyo, akasema moyo unafanya kazi vizuri. Kisha akaanza maswali, mimi nikiwa mkalimani.

"Anageuka mwenyewe kutoka mgongoni?"

"Hapana."

"Mnapomlaza kifudifudi anafanya nini?"

"Hatumlazi."

"Mkimweka chini?"

"Hatumweki."

"Anatoa sauti? Anacheka mkicheza naye?"

Nikamgeukia Zeituni, ingawa jibu nilikuwa nalo. Zeituni akanijibu kwa Kibajuni, nami nikatafsiri kama lilivyo: "Tunamkataza."

Daktari Idil aliweka kalamu chini. Alidhani sijatafsiri sawasawa, akauliza tena kwa maneno mengine. Ikabidi nimweleze yote: Baba, kalafati, amri tatu, kisiwa kizima kinachopokezana mtoto. Nilipokuwa naeleza nilianza kuisikia hadithi yetu kwa masikio ya mtu mwingine, nami sikuipenda. Yeye hakutucheka wala hakutukemea. Aliuliza tu kama anaweza kumweka chini, na Zeituni, aliyekuwa amevuka bahari na anga kwa ajili ya chumba kile, alichukua muda mrefu kumwachia.

Alimlaza kifudifudi. Shee akazika uso mkekani. Akawa kama anayepima jambo, kisha akapasua kilio ambacho nadhani kilisikika sokoni. Zeituni alijirusha mbele. Daktari akamshika kifundo cha mkono, taratibu, akasema, nami nikatafsiri:

"Mwambie aangalie midomo."

Tuliangalia. Alikuwa analia kwa nguvu zake zote, mishipa ya shingo imesimama, machozi na kamasi, na midomo ilikuwa na rangi ya waridi. Ikabaki na rangi ya waridi. Tangu azaliwe, kilio chake kilikuwa mwanzo wa kuzimia. Baada ya kupasuliwa hatukumpa nafasi ya kukimaliza hata kimoja. Zeituni alifunika mdomo wake kwa leso na kulia pamoja naye, na mimi, niliyezoea kujiona mgumu, nilipoteza Kisomali chote kwa muda.

Daktari alimgeuza, akambembeleza, akaendelea. Alipiga kengele huku na huku, Shee akaifuata. Alificha kitambaa chekundu chini ya kikombe. Shee akakitazama kikombe, akamtazama daktari, akakitazama kikombe tena. Alimpa kijiti, akakishika kwa mkono wa kushoto. Alimpa kwa upande wa kulia. Akavusha mkono wa kushoto, akakichukua. Hapo daktari alirudia mara kadhaa, akaandika.

Kisha akatuambia, na haya ndiyo mliyokuwa mnayauliza, kwa hiyo someni polepole. Anasikia, anaona, anakumbuka, anajua watu. Mwili wake uko nyuma sana ya umri: shingo, mgongo, mikono. Mkono wa kulia unamtia shaka, huenda ni udhaifu tu, huenda ni alama iliyobaki kwenye ubongo kutokana na maradhi au upasuaji. Hawezi kusema leo.

"Kuchelewa huku kumetokana na moyo au na sisi?" Zeituni aliuliza.

"Sijui," alisema Daktari Idil. "Yote mawili yanafanana kwa nje. Ubongo wa mtoto unakula hewa na damu, na hivyo vilipungua tangu tumboni. Lakini unakula pia sakafu, na kicheko, na kuanguka, na kutaka kitu kilicho mbali. Hivyo navyo hakupata. Cha kwanza hatuwezi kukirudisha. Cha pili mnaweza kuanza leo."

Alazwe kifudifudi mara nyingi kwa siku, kidogo kidogo. Mtu alale mbele yake, uso usawa wa uso wake, amsemeshe. Vitu viwekwe upande wa kulia. Achekeshwe. Akilia kidogo asinyakuliwe papo hapo. Tumrudishe baada ya miezi kadhaa, ndipo atajua zaidi.

Kurudi

Ndege ya kurudi ilikuja siku yake, nikaona ni dhihaka. Kwa Eddo Faduma, kabla hata ya chai, Zeituni alimlaza Shee sakafuni mbele ya watu wote. Eddo Faduma angeweza kusema niliwaambia. Alileta mkeka mwingine, laini zaidi, akautandika, akarudi jikoni, na nikaona haya kuliko kama angesema. Ndizi yake siku ile niliila yote.

Ndani ya boti Zeituni alikuwa anapanga maneno ya kumwambia Baba. Anaanza, anaacha. Tangu tuzaliwe hatujawahi kumwambia Baba kwamba kazi yake ina kasoro. "Semea wewe, dada," alisema. "Wewe una mdomo." Nikamwambia mdomo wangu uko baharini, hauna nafasi.

Baba alikuwa majini, maji magotini, kabla nanga haijashuka. Alimpokea Shee mikononi, akatembea naye hadi uani kwetu, na nusu ya Chula nyuma yake, wale waliombeba miezi yote. Hakuuliza habari za moyo.

"Ana akili?" alisema.

"Anayo, Baba," nilisema. "Asikia, aona, atujua. Mwili ndio uliosalia nyuma. Labda ni maradhi, daktari hajui bado, na mkono wa kulia aushuku. Labda ni swiswi wenyewe. Hakuwekwa chini."

Nilimwona anaihesabu miezi. "Ni mimi," alisema.

"Tulimbeba sote."

"Nilisema mimi." Kisha akauliza, "Wasema afanywe nini?"

Nikamweleza. Baba ana mgongo uliokwisha kwa kuinamia mbao. Kuketi tu ni kazi. Alimpa Zeituni mtoto, akavua kofia yake, akateremka kwa magoti, kwa viganja, mpaka akalala kifudifudi kwenye mkeka, shavu karibu na mchanga. "Mlete," alisema.

Zeituni akamlaza Shee mbele yake. Shee akazika uso, akaanza kulia. Na wa kwanza kunyosha mikono alikuwa Baba, vile vile alivyolala, viganja viwili vikubwa vimeshafika mbavuni mwa mtoto.

"Baba," alisema Zeituni. Sijawahi kumsikia akimwambia Baba neno la kukataza, wala sidhani kama alikuwa analijua. "Muwate alie."

Baba akamwacha, akairudisha mikono yake. Akailalia kwa kifua chake isije ikamponyoka. Akaanza kumsemesha, kwa sauti ya mtu asiyejua kuongea na watoto, habari za misumari na bei ya mbao. Shee alilia. Kisha akainua kichwa kutafuta ni nani atakayemchukua, kikatikisika, kikaanguka. Akakiinua tena. Alitazama nyuso zetu moja moja, ua zima la watu waliomzoea, mikono imening'inia, na hakuna aliyeinama.